Gari Liligoma Njia Nzima: Daftari la Safari ya Kumpeleka Shangazi

Haya niliyaandika jioni kwa jioni, kwenye daftari ninaloliweka mfukoni mwa mlango wa dereva. Fundi wangu, ambaye ni rafiki kabla ya kuwa fundi, ana neno analonirudishia kila nikimpigia simu: "Niambie ulichokiona, dada, usiniambie unachodhani." Kwa hiyo mimi huandika nilichokiona. Safari hii daftari lilipita mikono mingi, na bila mikono hiyo tusingefika.

Gari lenyewe ni la zamani. Gia ni za mkono, klachi inavutwa kwa waya, na halina kompyuta ya kukuambia linaumwa wapi. Mzigo ulikuwa magodoro, sanduku la nguo na cherehani ya shangazi. Binti yake alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na shangazi alikwisha kusema kwamba mtoto huyo hatapokelewa na mikono ya wageni peke yao.

JUMATATU

Tuliondoka alfajiri, gari limewaka bila tabu. Saa tatu hivi tukasimama kujaza mafuta. Nilipogeuza ufunguo, stata ikatoa mlio wa uvivu, ikazungusha injini robo mzunguko, ikanyamaza. Nikajaribu tena, hali ikawa ileile. Wahudumu wakatusukuma hadi pembeni tusizuie wengine.

Nilikaa na simu mkononi nikipitia majina. Swali la kwanza watu wengi hujiuliza ni nani anajua magari. Mimi naona swali la kwanza ni nani yuko karibu na atapokea. Nikampigia rafiki niliyesoma naye, muuguzi, anayeishi mwendo wa nusu saa kutoka pale. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku. Hakuuliza maswali mengi, aliuliza tu tuko upande gani wa barabara.

Alifika na sare zake bado mwilini na mfuko wa nyaya za kushtulia betri. Alimwamkia shangazi, akafungua boneti, akaanza kazi. Nyekundu kwenye chanya ya betri yangu, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri yake, nyeusi kwenye hasi yake, na nyeusi ya mwisho akaibana kwenye hasi ya betri yangu. Nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa uvivu uleule, kana kwamba hakuna aliyeisaidia.

Yeye ni mtu wa kusoma maelekezo. Akautoa mfuko wa nyaya, akasoma kilichochapwa mgongoni: kibanio cha mwisho kiwekwe kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Sababu ni cheche. Betri hutoa hewa ya haidrojeni, na kibanio cha mwisho ndicho kinachopiga cheche, hivyo cheche hiyo inafaa iwe mbali na hewa inayoweza kulipuka. Akakihamisha hadi kwenye boliti iliyo juu ya injini. Nikapiga stata, na kabla sijautoa mkono kwenye ufunguo injini ilikuwa inanguruma.

Tulifurahi. Lakini yeye akasema jambo jingine ambalo niliona niliandike: "Umeona ile taa ya ndani? Ulipokuwa unapiga stata haikufifia hata kidogo." Kweli haikufifia. Nikaandika yote mawili. Kibanio kwenye hasi ya betri, injini haiwaki. Kibanio kwenye injini, inawaka papo hapo. Taa ya ndani haififii.

Fundi kwenye simu aliniambia nisafishe vichwa vya betri, na kweli kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani umeganda kwenye chanya. Tukausafisha kwa maji ya moto na brashi ya meno. Muuguzi aligoma kuzichukua nyaya zake. "Nenda nazo, mimi kesho nalala." Nikamjazia tangi lake. Nasema wazi hapa, kwa sababu wengine huona aibu kulizungumza: mafuta ya anayekuja kukuokoa ni juu yako, hata akikataa.

Hatukuzima injini tena mpaka jioni.

JUMANNE

Asubuhi, kama nilivyotarajia, stata ikarudi kwenye uvivu. Tulilala karibu na kituo wanakopumzika madereva wa masafa marefu, na hilo sikuliacha libahatike: kuna dereva wa lori, rafiki wa familia yetu wa miaka mingi, na usiku nilikuwa nimemwuliza yuko wapi. Alikuwa nyuma yetu. Akapitia pale saa kumi na mbili na nusu, yeye na utingo wake.

Nikamwonyesha nyaya za muuguzi. Akatikisa kichwa. Lori lake, kama malori mengi makubwa, linatumia volti 24, gari langu volti 12, na hakuwa tayari kuniunguzia vitu. Pale palikuwa na mteremko mdogo, basi tukasukuma. Kwa asiyewahi kufanya, gari la gia za mkono linawashwa hivi: ufunguo umewashwa, gia ya pili, klachi chini, watu wanasukuma hadi mwendo wa kukimbia taratibu, halafu unaiachia klachi ghafla na kuikanyaga tena injini ikishika. Gia ya kwanza inakaba mno, inaweza kuyafunga magurudumu. Utingo alisukuma peke yake kama watu watatu. Shangazi alibaki ndani, akishikilia mkoba wake na kumtajia utingo yule baraka zote anazozijua.

Njiani klachi niliisikia nzito kidogo. Nikaandika.

Adhuhuri ikashuka mvua nyembamba na ukungu, nikawasha taa kubwa na feni ya kioo. Hapo sindano ya joto ikapanda. Haikupanda pole pole. Ilipanda hadi karibu na nyekundu wakati huohuo nilipowasha. Nikaegesha pembeni, lori likasimama nyuma yangu.

Huyu dereva ana mkono wa subira, na nataka niueleze kwa sababu nimeona watu wakiungua. Hakugusa kifuniko cha rejeta. Maji ya rejeta yako chini ya presha, na ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, presha inatoka, na yale maji yanachemka palepale usoni mwako. Alichofanya ni kuangalia chupa ya akiba, na maji yalikuwa kwenye alama. Akasogeza kiganja karibu na mpira wa juu wa rejeta bila kuugusa. Akanusa. Hakuna harufu tamu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, hakuna mvuke.

Kisha akaniambia: "Zima taa." Sindano ikashuka. "Washa." Ikapanda. Tukarudia mpaka shangazi akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Dada," akasema, "maji hayapati moto kwa sekunde moja yakapoa kwa sekunde moja. Injini yako haijachemka. Hiyo geji inadanganywa na umeme. Nani anaidanganya, sijui, mimi si fundi umeme. Lakini rejeta usiifungue, na mtu asikuuzie themostati, ile vali ya kudhibiti joto la injini."

Ukipiga hesabu ya alichoniokolea siku ile, ni zaidi ya ile kusukuma. Rafiki anayejua mwisho wa ujuzi wake ni hazina. Angeweza kukisia, na mimi ningemwamini, na tungepoteza siku nzima kubomoa kitu kizima. Badala yake alitufuata nyuma na lori lake hadi jioni, akipunguza mwendo tukipunguza, ili nikizimika nisizimike peke yangu. Mimi nilitembea na taa ndogo, na mvua ilipokatika nikazima kabisa. Tuliachana kwenye njia panda, yeye kushoto sisi kulia. Akaniachia jeki yake kubwa, akisema ile ya kwangu haifai hata kunyanyua baiskeli.

JUMATANO

Siku mbaya.

Tuliwashwa kwa nyaya za muuguzi, safari hii na mwenye nyumba tuliyolala, kibanio cheusi moja kwa moja kwenye injini kama tulivyojifunza. Lakini klachi ilikuwa nzito mno, kila kukanyaga ni kama kupanda ngazi. Saa nne, kwenye makutano yenye magari mengi, nilikanyaga ili nisimame, nikasikia mlio mkavu wa kitu kukatika, na pedali ikalala sakafuni. Gari likajikwaa kwenye gia, likazimika katikati ya makutano.

Waya wa klachi ulikuwa umekatika. Hilo lilieleweka. Lisiloeleweka ni kwamba stata nayo, iliyokuwa ikijitahidi walau robo mzunguko, sasa ilitoa mlio mmoja tu wa "tk" na kunyamaza kabisa. Klachi na stata vina undugu gani? Nikaandika, ingawa mkono ulikuwa unatetemeka na honi zilikuwa zinalia pande zote.

Mtu wa karibu alikuwa Mwalimu. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo sote tunavyomwita. Anafundisha fizikia sekondari, tulikuwa majirani zamani. Alifika na mwanawe na kamba ya kuvutia, imara, yenye kulabu mbili. Kabla hata ya kufunga kamba alisimama dirishani kwangu akanieleza watu wanavyoumia shingo na kugonga bampa. Ufunguo uwe umewashwa, la sivyo usukani utajifunga. Gia iwe huru. Breki injini ikiwa imezimwa hazina msaada, kwa hiyo ukanyage kwa nguvu kuliko ulivyozoea na uanze mapema. Na kubwa zaidi: anayevutwa ndiye anayeichunga kamba isilegee. Ikilegea halafu ikavutika ghafla, inakatika au inang'oa kulabu. Wewe wa nyuma ndiye unayegusa breki kidogo kidogo kuiweka imenyooka.

Tulikwenda pole pole mno, taa za hadhari zikiwaka, mwanawe kichwa nje akitazama nyuma. Mikono iliniuma kwa uzito wa usukani. Shangazi hakusema neno njia nzima. Tulipoingia kwa Mwalimu alishuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili na kusema, "Mwanangu, umetuvuta kama unavuta ndugu zako." Mwalimu akajibu kwamba ndiyo, ndugu zake ndio hao.

Mchana ule alilala chini ya gari akautoa waya wa klachi. Hapa ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Waya wenyewe ni wa nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, ndani ya ala ya plastiki. Sehemu inayopita karibu na injini, ile plastiki ya ndani ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena kwa matone, imeushika waya. Na nyuzi za chuma pale zilikuwa zimebadilika rangi kuwa bluu, bluu ya kung'aa ambayo ukiugeuza waya kwenye mwanga inapita kwenye zambarau. Mwalimu akakaa nao muda mrefu. Chuma hupata rangi ile kikifika karibu nyuzi 300 za joto. Msuguano wa mguu wangu kwenye pedali hauwezi kutoa joto hilo.

Nikaupiga picha, nikamtumia fundi. Akajibu kwa sauti: "Huo umeunguzwa. Tafuta moto umetoka wapi kabla hujafunga mwingine, la sivyo na huo mpya utakatika." Yuko mbali, hawezi kuja, na sauti yake ilionyesha kwamba hilo linamuuma. Usiku alinipigia tena kuuliza kama tumekula na kama shangazi amepata pa kulala pazuri.

Mwana wa Mwalimu aliuliza kama zamani magari yalikuwa yanaharibika hivi. Baba yake akamsimulia habari za Bertha Benz, mke wa Karl Benz, aliyechukua gari la mumewe mwezi Agosti 1888 bila kumwambia, akaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilometa 100, pamoja na wanawe Eugen na Richard. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipoisha aliyanunua duka la dawa mjini Wiesloch, maana wakati huo yaliuzwa kama dawa ya kutolea madoa. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu alizipigilia ngozi. Kwenye milima wale vijana walishuka wakasukuma. Mtoto akataka kujua kama mumewe alikasirika. Mimi nilikuwa namfikiria yule fundi viatu. Asubuhi ile hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba angetengeneza breki za gari, na bila shaka hakuwahi kuligusa gari maishani mwake.

ALHAMISI

Waya wa klachi ulipatikana kutoka gari la aina ileile lililokwisha kufa, umeletwa na rafiki wa Mwalimu mwenye pikipiki, aliyeufunga mgongoni. Lakini wa kuufunga alikuwa jirani mwingine, fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha ndiyo kazi yake. Aliitwa kwa sababu ana spana zote na anaweza kuingia mahali ambapo mikono yetu haifiki.

Hakuufunga. Aliuchukua ule waya ulioungua, akautazama pale penye bluu, akauliza swali moja: "Umeme wa gari hili unarudi wapi?"

Tukamtazama. Akaeleza kwa lugha ya kazi yake. Mchomeleaji akitaka kuchomelea, anabana waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, kwenye chuma. Akiubana vibaya, penye kutu au rangi, umeme haukati tamaa, unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye mashine. Utapita kwenye mnyororo, utapita kwenye bawaba ya mlango, na popote unapopita penye njia nyembamba pataungua. Yeye mwenyewe aliwahi kuona mnyororo ukiwa mwekundu hivyohivyo. "Huu waya wa klachi ulikuwa ethi," akasema. "Umebebeshwa mzigo usiokuwa wake."

Hapo nikaleta daftari. Nikamsomea kuanzia Jumatatu, na kila mstari Mwalimu alikuwa anapiga paja.

Taa ya ndani haififii stata ikishindwa. Maana yake betri ina nguvu. Betri iliyochoka ingefifisha kila kitu. Kibanio kwenye hasi ya betri hakisaidii, kwenye injini kinasaidia, maana yake baina ya hasi ya betri na injini ndipo penye kizuizi. Sindano ya joto inapanda taa zikiwashwa: geji ile inapima kwa kupitia chuma cha injini, na alteneta, mtambo wa kuzalisha umeme wa gari, ambayo nayo imefungwa kwenye injini, ikianza kulisha taa, umeme wake unapaswa kurudi kupitia njia ileile iliyokufa. Unaisukuma injini iwe na volti tofauti na bodi ya gari, na geji inaihesabu tofauti hiyo kama joto. Klachi kuwa nzito, ni plastiki inayeyuka. Klachi kukatika na stata kunyamaza dakika hiyohiyo, ni kwa sababu ule waya ndio uliokuwa njia ya mwisho ya stata.

Muuguzi alikuwa ameliona. Dereva alikuwa ameliona. Kila mmoja aliona kipande chake na hakuna hata mmoja aliyekuwa na makosa.

Mchomeleaji hakuridhika na maneno. Akachukua nyaya za muuguzi, ile nyeusi peke yake, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri yangu, nyingine kwenye boliti ya injini. Hakuna gari jingine, hakuna betri nyingine. "Piga." Stata ikazunguka kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu nilinunue gari hili. Ukiwa na stata dhaifu na hujui kama ni betri, jaribio hili halihitaji kitu zaidi ya waya mmoja mnene.

Mwalimu akaleta multimita yake, kifaa cha kupimia umeme. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu mtu anapiga stata. Namba inayopaswa kusomeka pale ni ndogo, isizidi nusu volti. Yetu ilisoma karibu volti 4. Betri ya volti 12 inapoteza 4 kabla ya kufika kazini. Akaandika hesabu kwenye daftari langu kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha: stata ikivuta ampea 100, ukinzani wa ohm 0.04 tu unakula volti 4. Ohm 0.04 ni kutu ya kujaa kwenye ukucha.

Nayo kutu tuliikuta. Chini, nyuma ya giaboksi, kuna utepe wa nyuzi za shaba zilizosukwa unaounganisha injini na bodi. Ulikuwa kijani. Upande wa bodi zilibaki nyuzi za kuhesabika, na boliti yake ilikaa juu ya tabaka la rangi na kutu. Mchomeleaji aliugusa kwa kidole, ukadondoka wenyewe mkononi mwake.

Alitengeneza mpya kwa kipande cha waya wa mashine yake ya kuchomelea, waya mnene ambao umezoea ampea nyingi. Akaubana vichwa vya shaba pande zote mbili. Akaparua rangi mpaka chuma kikang'aa, kwenye bodi na kwenye giaboksi, akaweka washa yenye meno, akakaza, akapaka grisi juu ili maji yasiingie. Kisha ndipo akafunga waya wa klachi. Tukapima tena: volti 0.1. Injini ikiwa inanguruma na taa kubwa zimewashwa, betri ilisoma volti 14.1. Sindano ya joto ikakaa katikati, haina habari.

Nilimpigia fundi simu, nikamwacha azungumze na mchomeleaji. Walizungumza muda mrefu kama watu waliokua pamoja, na hawajawahi kuonana. Fundi aliomba apigiwe picha ya ile ethi mpya. Hakukuwa na wivu sautini mwake hata chembe, kulikuwa na furaha ya mtu ambaye kitendawili kilimnyima usingizi na sasa kimeteguliwa.

IJUMAA

Hakuna la kuandika kuhusu gari. Liliwaka, likaenda, likazimwa, likawaka. Niliwasha taa mchana kweupe kwa raha tu ya kuona sindano haisogei.

Tulifika saa kumi jioni. Binti wa shangazi alitufungulia mlango mwenyewe, tumbo mbele, bado hajajifungua, na shangazi akaanza kutoa amri kabla hajavua viatu. Cherehani ikawekwa dirishani penye mwanga.

Usiku niliwatumia wote ujumbe. Muuguzi nilimwandikia kwamba maelekezo ya mgongoni mwa mfuko ndiyo yaliyofungua kesi. Dereva alikuwa bado barabarani, akajibu kwa sauti yenye kelele za injini: "Nilikwambia mtu asikuuzie themostati!" Utingo akaongeza nyuma yake salamu kwa shangazi. Mchomeleaji hakuwa na simu ya kupokea picha, hivyo Mwalimu alikwenda kumwonyesha geji kwenye simu yake.

Nitakaa hapa mpaka mtoto azaliwe, kisha nitarudi kwa njia ileile, maana nina vitu vya watu. Multimita ni ya Mwalimu, na inatakiwa shuleni kabla ya mitihani ya vitendo, kwa hiyo naanzia kwake. Kwa mchomeleaji nina deni la mita moja ya waya mnene, na hilo sitalilipa kwa maneno. Jeki nitaiacha kwenye kituo cha madereva, aichukue akipita. Nyaya za muuguzi zitakuwa za mwisho, na nimekwisha kumwuliza zamu zake, nisije nikamwamsha.